MAJINA AMBAYO HAYAKUCHORWA KWENYE JIWE

(Maneno ya hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Niliombwa niseme juu ya historia ya mkoa wetu, nami nimechagua jambo moja tu. Nalo ni habari ya watu wa mlima huu waliokufa katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, ambao majina yao hayapo kwenye jiwe lolote. Najua chakula kinangoja, kwa hiyo sitawachosha.

Vijana wengi hudhani kwamba vita ile ilikuwa ya Ulaya. La, ilipiganwa hapa hapa. Tarehe 3 Novemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipambana Longido. Reli ya kutoka Tanga, ambayo ilifika Moshi mwaka 1911, ikawa njia ya kuletea askari na risasi, na Moshi yenyewe ikawa kambi kubwa ya Wajerumani. Tarehe 12 Februari 1916 watu waliuana kilimani Salaita, na usiku wa kuamkia tarehe 12 Machi wakauana Latema na Reata, upande wa Taveta. Siku chache baadaye Waingereza wakaingia Moshi, na tarehe 21 Machi wakapigana Kahe. Kutoka hapo vita ikaelekea kusini, wala haikwisha mpaka Novemba 1918.

Sasa jiulizeni: nani alibeba mizigo? Ng'ombe na farasi waliuawa na mbung'o, barabara za magari hazikuwapo, na reli haikufika kila mahali. Basi kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Waingereza peke yao waliandika wapagazi wapatao milioni moja, na hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba zaidi ya 90,000 kati yao walikufa. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, vichomi na njaa. Mtu aliyelelewa kwa ndizi alipewa unga mkavu wa mahindi, hana muda wa kuupika ukaiva, naye amelala kwenye mvua. Tumbo lake halikuweza. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia.

Nendeni Taveta mkatazame makaburi ya jeshi. Yamepangwa vizuri na nyasi zimekatwa. Hapo wamelala askari wa Afrika ya Kusini waliouawa Salaita na Latema, kila mmoja na jina lake. Hapa Moshi pia yako makaburi ya namna hiyo. Mimi siwaonei wivu marehemu wale. Ni haki yao. Tume ya Makaburi ya Vita ilipoundwa Uingereza mwaka 1917 ilishika kanuni nzuri, kwamba kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina lake, bila kutazama cheo wala utajiri. Lakini katika miaka ya 1920, walipofika kwa Waafrika wa Afrika Mashariki, waliamua kwamba kwa walio wengi hakuna haja ya kaburi lenye jina. Walijengewa sanamu za pamoja Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ile ya Dar es Salaam, ya askari aliyeshika bunduki, iliwekwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawasifu askari na wapagazi, ila hayamtaji hata mmoja wao. Kumbukumbu nyingine ya wapagazi ni jina la Kariakoo, lililotokana na jina la jeshi lao kwa Kiingereza. Maelfu huenda kununua nguo pale bila kujua.

Mtu anaweza kusema kwamba majina mengi namna ile yasingeweza kuandikwa. Si kweli. Mwezi Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilizamishwa na Wajapani katika Bahari ya Hindi, ikiwa na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Waafrika waliozama wameandikwa kwa majina kwenye kumbukumbu iliyoko Nairobi. Palipokuwa na nia, njia ilipatikana.

Mwaka 2021 tume hiyo yenyewe ilitoa taarifa na kukiri ubaguzi huo. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi Bungeni. Mwezi Januari 2025 kumbukumbu mpya ilifunguliwa Cape Town yenye majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika wa vikosi vya kazi. Kwa hiyo mlango umefunguka.

Lakini Ndugu Mwenyekiti, kuna jambo linalotuhusu sisi wa mlimani hasa. Tume hiyo hutafuta wafu wa upande wa Uingereza. Babu zetu walitumikia mabwana wawili. Mpaka Machi 1916 walioita watu hapa walikuwa Wajerumani, na baada ya hapo wakawa Waingereza. Yule aliyebeba mzigo wa Mjerumani akafia porini hamo katika hesabu za tume hiyo. Ndugu wawili wa nyumba moja wanaweza kuwa wamekufa katika vita moja, mmoja akatafutwa na mwingine asitafutwe. Kwetu sisi wote wawili ni wafu wetu. Tusipowaandika sisi, hakuna atakayewaandika.

Tutawapataje? Waliopigana wamekwisha kufa wote, lakini ukoo husahau polepole. Kwanza kuna kihamba. Kila kihamba kina mfuatano wa waliokirithi. Ukikuta kimeruka mtu, au kimekwenda kwa mtoto wa ndugu, uliza kwa nini. Pili kuna majina. Desturi yetu ni mtoto wa kwanza wa kiume kupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo jina la aliyepotea laweza kuwa linaitwa hata leo nyumbani kwake. Tatu kuna rika. Ukilijua rika la mtu utakadiria umri wake. Nne kuna vitabu vya ubatizo. Misheni za Kilema, Kibosho, Machame, Mamba na Moshi ya Zamani zilianza katika miaka ya 1890. Tena msiwasahau akina bibi. Mara nyingi wao ndio waliosimuliwa na mjane mwenyewe.

Hata sayansi imeonyesha kwamba ukoo una ushahidi. Mangi Meli na wenzake walinyongwa Moshi ya Zamani tarehe 2 Machi 1900. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba fuvu moja lililokuwa ghalani kwao linalingana kwa damu na jamaa walio hai, nalo ni la mtu wa karibu wa Mangi huyo. Fuvu lilikuwa ghalani Berlin. Jamaa walikuwa huku mlimani.

Ninaonya jambo moja. Msiandike hadithi. Kila jina liwe na jina la baba, ukoo, kijiji, nani alisimulia na siku gani. Mkisikia habari mbili zinazopingana, andikeni zote mbili. Kama haijulikani alitumikia upande gani, andikeni kwamba haijulikani. Makarani wa jeshi waliandika majina ya watu walivyosikia, wakayaharibu. Na sisi tusiyaharibu mara ya pili.

Kwa hiyo naleta ombi kwa mkutano huu. Shule iwe na Daftari la Majina. Vijana mkienda likizo, kila mmoja aulize nyumbani kwake na kwa jirani mmoja. Sisi wazee tununue daftari, tulipe nauli za watakaokwenda kwenye Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na tufungue milango ya nyumba zetu tuulizwe. Na kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, yale yaliyopatikana yasomwe kwa sauti mbele ya shule. Hata yakiwa matatu, yasomwe.

Jiwe ni ghali, nalo laweza kungoja. Wazee hawangoji. Likizo ijayo ni mwezi ujao.