Moto Uliojificha Ndani ya Dohani

Ukiingia katika jiko la mkahawa ukaona vichujio vilivyo juu ya meko vinang'aa, usidhani kazi ya usafi imekwisha. Vichujio hunasa sehemu tu ya mafuta yanayopaa pamoja na mvuke. Mengine hupita, hupoa, na kuganda ndani ya dohani na kwenye feni iliyo paani. Siku ulimi wa moto utakaporuka kutoka kikaangoni, mafuta hayo ndiyo yatakuwa kuni zake, na dohani ndiyo njia yake.

Kwa hiyo nchini Marekani kiwango cha usalama kiitwacho NFPA 96 huagiza dohani ikaguliwe kwa kadiri ya matumizi: jiko la kuni au mkaa, kila mwezi, jiko lenye kazi nyingi, kila miezi 3, la wastani, kila miezi 6, na la kazi chache, kila mwaka. Ndugu zetu wa huko wanaochoma nyama kwa mkaa wamo katika kundi la kwanza. Mafuta yakionekana, umeme wa feni hukatwa, nayo hukwanguliwa na fundi mpaka chuma kitokeze.

Fundi akimaliza, mwambie afungue milango ya ukaguzi, uchungulie mwenyewe kwa tochi kabla ya kutia sahihi.