Ukuta Unaoishia Kwenye Lenta: Kuzuia Sauti Kati ya Vyumba



Mwalimu mmoja aliyepanga chumba na sebule aliniita niongeze lipu ya pili kwenye ukuta wa kati. Ukuta ule ulikuwa wa tofali za inchi 6, umepigwa lipu pande zote, lakini redio ya jirani aliisikia kana kwamba imewekwa chini ya kitanda chake. Kabla sijakoroga saruji nilipanda darini. Ukuta ulikuwa umeishia kwenye lenta. Kutoka hapo mpaka kwenye bati palikuwa wazi, na katika nyufa za dari niliona mwanga wa taa ya jirani.

Nyumba nyingi za kupangisha sisi mafundi tunazijenga hivyo. Mwenye nyumba anaokoa kozi tatu za tofali, na joto la bati linapata pa kutokea. Sababu zote mbili nazielewa. Lakini wanaolala humo hawana siri: kikohozi cha mtoto, maneno ya mke na mume, simu ya msiba usiku wa manane, vyote vinavuka.

Ukuta wa tofali uliopigwa lipu vizuri hupunguza sauti kwa desibeli 40 na zaidi. Ukiacha wazi asilimia 1 tu ya eneo lake, hata uwe mnene namna gani, hautavuka desibeli 20. Kwa ukuta wa mita 4 kwa 3, asilimia hiyo ni tundu la sentimita 30 kwa 40. Kuongeza uzito wa ukuta mara mbili hukupa kama desibeli 5 tu. Mwalimu yule angelipia lipu ya bure.

Tulipandisha kozi tatu, tukaziba mawimbi ya bati kwa udongo wa saruji. Joto tulilitolea matundu ya hewa kwenye ukuta wa nje, kila chumba na lake. Soketi mbili zilikuwa zimepeana migongo ndani ya ukuta. Moja tukaihamisha, tundu tukalijaza. Chini ya mlango tukaweka ukanda wa mpira. Redio ikabaki mvumo, maneno hayashikiki.

Ghorofani, ambako ukuta umeshafika kwenye zege, njia ni nyingine: fremu isiyogusa ukuta wa zamani, pamba ya mawe katikati, na bodi mbili za jipsamu, moja juu ya nyingine, kingo zote zimezibwa. Fremu ikigusa ukuta, mtetemo unapita nayo.

Nawasihi sana kuhusu sponji za godoro na trei za mayai. Hupunguza mwangwi ndani ya chumba, lakini hazimzuii jirani kusikia. Tena sponji huwaka haraka na moshi wake ni sumu. Mwaka 2003 watu 100 walikufa katika ukumbi wa muziki huko Rhode Island, Marekani, na mwaka 2013 wengine 242 huko Santa Maria, Brazil. Kote fataki ziliwasha sponji zilizobandikwa kwa ajili ya sauti.

Uwazi ule wa darini nao hupitisha moto kutoka chumba hadi chumba. Ndiyo maana naomba, tunapopatana bei na mwenye nyumba, tuandike kabisa kwenye makubaliano: ukuta wa kati ufike kwenye bati. Kozi hizo tatu ni rahisi kujengwa kabla dari haijafungwa.