Tumuulize Mwenyeji

Msikilizaji, kwenye ramani huandikwa Machame na Kibosho, lakini katika lugha za wenyeji utasikia Mashami na Kiwoso. Kichaga kina sura nyingi: wa Rombo na wa Machame, kila mmoja akisema cha kwao, huweza kushindwa kuelewana. Hapa Shirimatunda, kata ya Manispaa ya Moshi, watu hao ni majirani, na Kiswahili chao hubeba lafudhi za walikotoka. Kumcheka mtoto darasani kwa lafudhi yake ni kumfundisha kunyamaza. Nasi watangazaji tuna wajibu: kabla ya kusoma hewani jina la kijiji tusichokijua, tumpigie simu mwenyeji, tumsikilize, ndipo tulitamke. Huko ndiko kumheshimu msikilizaji.