Shati Linalomkaa Mtu



Bwana Martin Kayamba na wenzake, walioanzisha chama cha Waafrika watumishi wa Serikali huko Tanga mwaka 1922, walikuwa watu wa kalamu. Na mtu wa kalamu, kabla barua yake haijasomwa, shati lake limekwisha kusomwa.

Wengi wetu mshahara wa kwanza twautoa kwa shati pana, tukidhani upana ni faida. Kumbe twaonekana tumeazima. Basi tuanze mabegani: mshono uishie penye mfupa wa bega, kwani hapo pakikosewa kurekebisha ni gharama. Ukosi ukifungwa, vidole viwili vipite. Vifungo vya kifuani visivutane tuketipo. Mkono wa shati ufike kifundoni hata tunyooshapo kalamu. Pamba hurudi ikifuliwa. Kitambaa kirowekwe kabla fundi hajakata. Naye fundi atupime bila sisi kubana tumbo, maana tumbo hilo ndilo litakalokwenda kazini.

Mwenye kijana mpya ofisini na amwambie haya kabla ya mwisho wa mwezi.