Ahadi ni Deni, Hata kwa Makampuni ya Teknolojia

(Maneno ya Kamati ya Mikopo siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Sisi wa Kamati ya Mikopo tumepewa dakika kumi. Najua wengi mlitegemea tusome majina ya wanaodaiwa. Msiwe na wasiwasi, leo ni sikukuu. Tumeona tuzungumzie wadaiwa wengine kabisa, yaani makampuni ambayo hatujawahi kuyaona uso lakini kutwa kucha tunatembea nayo ndani ya simu zetu.

Katika miaka hii kumi, mwanachama akisimama hapa na kusema atarejesha laki mbili mwezi wa tatu, Katibu anaandika, wadhamini wawili wanatia saini, na mwezi wa tatu ukifika daftari linafunguliwa. Hakuna chuki. Hata Mwenyekiti anaulizwa, na siku moja aliulizwa kweli, mnakumbuka. Lakini simu ikituambia kwamba taarifa zetu ziko salama, tunabonyeza "Nakubali" huku tunageuza maandazi. Ahadi hiyo nani kaiandika? Nani ataiuliza?

Chukueni huu mtandao wa WhatsApp tunaoitania vikao. Mwaka 2012 waanzilishi wake waliandika hadharani kwa nini hawauzi matangazo. Februari 2014 kampuni ya Facebook ikatangaza kuinunua, kwa bei iliyotajwa kuwa dola bilioni 19, na mwanzilishi mmoja, Jan Koum, akawatuliza watumiaji kwamba kwao hakuna kitakachobadilika. Watu wakatulia. Agosti 2016 masharti yakabadilishwa, namba ya simu ya mtumiaji wa WhatsApp ikaweza kuunganishwa na akaunti yake ya Facebook. Na tangu mwaka 2025 matangazo nayo yameanza kuingizwa huko huko kwenye WhatsApp, upande wa zile picha za "status".

Hapo ndipo wanawake wa vikoba tunapotakiwa kutega sikio. Mwaka 2014, wakati wa kuomba kibali cha kununua, Facebook iliiambia Tume ya Umoja wa Ulaya kwamba haitaweza kuoanisha kwa uhakika akaunti za pande hizo mbili kwa njia ya mashine. Maneno hayo yaliwekwa kwenye jalada. Masharti yalipobadilika, jalada likafunguliwa. Ikaonekana kwamba uwezo huo ulikuwapo tangu mwaka 2014, na wapo wafanyakazi wa kampuni waliokuwa wakijua. Mei 2017 Facebook ikatozwa faini ya euro milioni 110. Aliyewakamata, jamani, ni karatasi. Bila lile jalada ingebaki kuwa maneno ya barazani, alisema, hakusema.

Lakini tuseme na upande wa pili. Kwa mnunuzi wa dola bilioni 19, faini ile ni sawa na ile shilingi mia tano yetu ya kuchelewa kikao. Ununuzi haukutenguliwa. Kwa hiyo sisi hatuoni kwamba faini peke yake inatosha. Anayeahidi lazima aulizwe mapema, kabla maji hayajamwagika. Wala hatusemi mtupe simu. Tungeitana kwa tarumbeta?

Sasa tuje hapa kwetu. Mwenzetu mmoja, ambaye ameturuhusu tuyaseme bila jina lake, alikopa shilingi elfu themanini kwa programu ya simu. Mtoto alikuwa anaumwa na siku ya kikao ilikuwa bado. Tangazo lilisema mkopo wa dakika tano, hauna dhamana, siri yako ni siri yetu. Alichelewa siku nne. Ujumbe ukatumwa kwa mkwewe, kwa mwalimu wa mtoto, kwa fundi cherehani, na kwa watu kumi na wanane wa kikundi hiki, kwamba huyu ni mwizi, mwambieni alipe. Wengi wenu mlio kwenye viti hivi mliupokea. Eti mkopo hauna dhamana! Dhamana ilikuwepo, ni sisi. Yule mama, ambaye tangu tuanze hajawahi kukosa kununua hisa, alikaa wiki tano bila kuja kikaoni kwa aibu.

Wapo wanaosema alikubali mwenyewe masharti. Kamati haikubaliani na hoja hiyo. Tangazo lina maneno manne makubwa, masharti yana kurasa kwa kurasa za maandishi ya sisimizi, na mara nyingi kinachotolewa na tangazo kinachukuliwa na masharti. Kampuni idaiwe kile ilichokipigia kelele.

Na sheria ipo. Mnakumbuka tulivyohangaika na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018? Katiba, mihtasari, majina ya viongozi, nenda rudi halmashauri, mpaka tukasajiliwa daraja la nne. Sheria hiyo hiyo ndiyo inayowahusu wakopeshaji wa kwenye simu, wao wapo daraja la pili. Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa ajili yao, na Novemba mwaka huo ikatangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Akina mama wenye kisanduku cha kufuli tatu tulijisajili, wao wenye kompyuta walishindwa nini?

Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kazi Mei 2023, na Tume yake ya kupokea malalamiko. Taarifa iliyochukuliwa kwa kazi moja haitakiwi kugeuzwa fimbo ya kazi nyingine. Wenzetu wa Kenya, Septemba 2023 kamishna wao wa ulinzi wa data alikwisha kuipiga faini kampuni ya mikopo ya simu kwa kutumia majina na namba za watu namna hii hii.

Kwa hiyo Kamati imenunua daftari jipya, lile la jalada la kijani pale mezani. Kabla hujabonyeza, piga picha tangazo lilivyo kwenye kioo cha simu yako, na ukurasa wa masharti. Lete jina la kampuni, tarehe, na walichoahidi, Katibu ataandika. Wakivunja, tunaanza kuwaandikia wenyewe. Wasipojibu, suala la leseni tunalipeleka Benki Kuu, la taarifa za watu kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, la tangazo la uongo Tume ya Ushindani. Kila barua nakala tatu.

Ukurasa wa kwanza umeshajaa, ni wa mwenzetu yule. Kampuni iliandikiwa, haikujibu. Barua ya kwenda Tume ipo tayari, ametia saini, na Jumatatu Katibu anaipeleka. Inahitaji viambatanisho. Kama ule ujumbe bado umo kwenye simu yako, usiufute. Njoo mezani uunakiliwe kabla pilau haijapakuliwa.