Mwanga wa Asubuhi kwa Mgonjwa wa Parkinson

Leo tunamzungumzia mzee ambaye mkono unamtetemeka, mwili umekakamaa, mchana anasinzia na usiku hapati usingizi. Wengi husema ni uzee, au karogwa, kumbe huenda ni ugonjwa wa Parkinson. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2008, uliwakuta wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa wanaugua nini. Hilo linaniuma sana.

Ugonjwa huu huvuruga pia saa ya mwili, iliyo ndani ya ubongo, inayotegemea mwanga unaoingia machoni kupanga kulala na kuamka. Huko Marekani, mwaka 2017, wagonjwa 31 waligawanywa: wengine walipewa taa kali, wengine taa hafifu, kwa muda wa saa moja mara mbili kwa siku, siku 14. Waliopata taa kali walipungukiwa na usingizi wa mchana. Lakini kuhusu ugonjwa wa huzuni (sonona) kwa wagonjwa wa Parkinson, utafiti wa Uholanzi wa 2019 haukuona taa kali ikiishinda hafifu. Basi mzee aliyekata tamaa apelekwe kwa daktari.

Taa kali zile zilikuwa na nguvu ya luksi 10,000, luksi ikiwa kipimo cha mwanga. Chumba chenye dirisha dogo mara nyingi hakifiki hata 500, lakini nje, kivulini, asubuhi ya jua, mwanga unaweza kufika 10,000. Mtoe babu nje. Ainuke polepole, umshike asianguke. Asilikodolee jua macho, wala asiache dawa zake. Usiku, zima taa na televisheni mapema.