Maonyesho ya Ohsweken na Mbegu Iliyonusurika

Maandishi ya mazungumzo kwa vikundi vya wakulima na kamati za maonyesho za wadi



Kila mwezi wa Septemba, mavuno yanapokaribia, kijiji cha Ohsweken nchini Kanada hujaa watu. Ohsweken iko kusini mwa jimbo la Ontario, karibu na mji wa Brantford, na ndiyo kitovu cha makao ya Mataifa Sita ya Mto Grand. Watoto hukimbilia pembea na michezo. Magari makuukuu hugonganishwa uwanjani hadi libaki moja tu linaloweza kutembea, huku watazamaji wakishangilia. Msichana mmoja huvikwa taji la Miss Six Nations. Mgeni akisimama langoni atadhani amefika kwenye shoo ya kilimo kama nyingine yoyote.

Aingie basi ndani, penye meza. Hapo kuna maboga, maharagwe, mikate, mitungi ya matunda yaliyohifadhiwa, mablanketi ya viraka na kazi za shanga. Na kuna mahindi. Watu wa huko huyafunua maganda bila kuyang'oa, kisha huyasuka pamoja kama nywele na kuyaning'iniza yakauke. Mengine ni meupe, mengine mekundu, mengine ya buluu iliyokolea karibu na weusi. Majaji hupita meza kwa meza, na bidhaa iliyoshinda hupewa utepe wake. Mazungumzo ya leo yanahusu mahindi hayo, kwa sababu kufika kwake mezani hakukuwa jambo la hakika.

Wenye maonyesho hayo hujiita Haudenosaunee, yaani watu wa nyumba ndefu. Wengi duniani huwajua kwa jina la Iroquois. Ni muungano wa mataifa yaliyokubaliana kuishi kwa amani chini ya sheria moja: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga na Seneca. Taifa la sita, Tuscarora, lilijiunga mnamo miaka ya 1720. Kwao ukoo hufuata upande wa mama. Mama wa ukoo ndiye huteua chifu, na akikosea anaweza kumvua uchifu. Mashamba na ghala vilikuwa mikononi mwa wanawake. Wanaume walisafisha msitu; wanawake walipanda, wakapalilia, wakavuna na kuchagua mbegu ya msimu uliofuata.

Mazao yao makuu ni matatu, nao huyaita dada watatu: mahindi, maharagwe na maboga. Hupandwa pamoja juu ya kichuguu kidogo cha udongo. Mahindi hutangulia. Yakishachipuka vizuri, maharagwe hupandwa kando yake, yakapata mti wa kupanda juu, nayo hulipa kwa kuutia udongo naitrojeni. Maboga hutambaa chini, majani yake mapana yakazuia magugu na kuhifadhi unyevu. Jane Mt. Pleasant, mtaalamu wa kilimo wa taifa la Tuscarora aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell, aliupima mtindo huu shambani. Aligundua kwamba kipande cha ardhi chenye dada watatu hutoa chakula cha nguvu na protini nyingi kuliko kipande hichohicho kikipandwa zao moja peke yake.

Hata upishi wao una elimu ndani yake. Mahindi makavu huchemshwa na majivu ya mti mgumu mpaka ganda la punje lilegee, kisha husuguliwa na kuoshwa ndani ya kikapu maalum. Majivu hayo huifanya vitamini iliyofungika ndani ya punje iweze kutumiwa na mwili. Mahindi yalipopelekwa Ulaya bila elimu hiyo, maskini waliotegemea unga wake peke yake waliugua pelagra, maradhi ya ngozi, tumbo na akili. Mbegu ilisafiri, maarifa yakaachwa nyuma.

Sasa sikilizeni jinsi mbegu hiyo ilivyokaribia kupotea.

Mwaka 1779, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, Jenerali George Washington alituma jeshi katika nchi ya Haudenosaunee, pale ambapo leo ni jimbo la New York. Kamanda wake, Jenerali John Sullivan, aliripoti kwamba vijiji 40 viliharibiwa, pamoja na mahindi yapatayo busheli 160,000. Ukiyapima kwa gunia la kilo 90, ni zaidi ya magunia 40,000 ya mahindi. Miti ya matunda ilikatwa. Watu walikimbilia ngome ya Niagara, na baridi ya mwaka huo ilikuwa kali mno, wengi walikufa. Mataifa hayo yalimpa Washington jina ambalo hawajalisahau hadi leo: Mharibu Vijiji.

Baada ya vita, Uingereza iliwapa washirika wake waliopoteza nchi ardhi mpya. Kwa tamko la gavana Frederick Haldimand la mwaka 1784, walipewa maili sita kila upande wa Mto Grand, takriban ekari 950,000. Wakaja chini ya uongozi wa Joseph Brant, ambaye jina lake la nyumbani ni Thayendanegea. Leo kilichobaki mikononi mwao ni chini ya asilimia tano ya ardhi hiyo. Sehemu iliuzwa, sehemu ikavamiwa na walowezi, na kesi na madai juu yake yanaendelea.

Ni juu ya ardhi hiyo iliyopungua ndipo maonyesho yalipoanzishwa, katika miaka ya 1860, chini ya jumuiya yao ya kilimo. Kwa kulinganisha, chama kilichokuja kuwa Agricultural Society of Kenya kilianzishwa mwaka 1901. Maonyesho ya namna hii yalikuwa desturi ya Waingereza. Serikali na wamishenari waliyapenda kwa sababu waliamini yangemfundisha mtu wa asili kulima kama mzungu: jembe la kukokotwa, ng'ombe wa kisasa, siagi safi, nguo iliyoshonwa vyema. Mataifa Sita waliichukua desturi hiyo, wakaiendesha wenyewe, na katika meza zilezile za siagi na ngano wakaweka mahindi ya bibi zao.

Uamuzi huo ulikuwa na uzito, kwa kuwa kwingine mambo yao yalikuwa yakibomolewa. Mwaka 1924 serikali ya Kanada iliondoa baraza la machifu wa jadi hapo Ohsweken na kuweka baraza la kuchaguliwa kwa sheria yake. Karibu nao, mjini Brantford, ilikuwako shule ya bweni ya Mohawk Institute, ambako watoto walikatazwa kuzungumza lugha zao. Shule ilikuwa na shamba, na watoto ndio walikuwa vibarua wake. Chakula chao wenyewe kilikuwa uji, asubuhi baada ya asubuhi, hata wakaiita shule hiyo Shimo la Uji. Ilifungwa mwaka 1970. Mtoto aliyetoka katika ukoo wa wakulima hodari wa mahindi alirudi nyumbani akiwa hana lugha ya kuuliza mbegu inaitwaje.

Katika nyumba chache mbegu ilibaki, imesukwa, imening'inizwa darini. Lakini kubaki darini hakutoshi. Wahenga wa Kiswahili walisema akiba haiozi. Akiba ya mbegu huoza isipopandwa. Punje ikikaa miaka mingi hupoteza uhai, na mahindi yana shida nyingine: huchavushwa na upepo. Jirani akipanda mahindi ya dukani, chavua yake huvuka ua, na msimu huohuo gunzi jeupe linatoka limetiwa punje za manjano. Anayetaka mbegu yake ibaki safi lazima aitenge kwa umbali au kwa wakati wa kupanda, tena achague mbegu kutoka kwa mimea mingi, mia na zaidi, ili isidhoofike. Kazi hiyo ni nzito kwa mtu mmoja. Inahitaji majirani wanaojua nani anapanda nini.

Hapo ndipo meza ya maonyesho inapofanya kazi ambayo ghala haliwezi kufanya. Jaji anapolishika gunzi na kuangalia kama safu zimenyooka, kama punje zimejaa hadi nchani, kama rangi haijachanganyika, anakagua ulinzi wa mbegu. Aliyepoteza yake anamwona aliyebaki nayo. Kijana anayeshangaa rangi ya buluu anamkuta mama aliyeipanda amesimama palepale. Kila mwaka jamii nzima inahesabu kilichobaki, hadharani. Aina ambayo haikuletwa mwaka huu itaulizwa: imekwenda wapi?

Ndugu wananchi, safari ya dada watatu ilifika hadi hapa. Mahindi, maharagwe haya tunayopika na maboga, yote asili yake ni mabara ya Amerika. Mahindi yalifika pwani ya Afrika Mashariki kupitia Wareno. Sufuria ya githeri ni jamaa wa karibu wa supu ya mahindi na maharagwe inayopikwa Ohsweken. Na mama wa Ukambani anayetwanga mahindi kutoa ganda apate muthokoi angeielewa kazi ya kile kikapu bila mkalimani.

Hata hivyo, pita katika maonyesho mengi ya kilimo nchini uone kilicho mbele: trekta, mbolea, mbegu ya kampuni iliyo katika pakiti nzuri. Vyote vina manufaa yake. Mbegu za asili za mtama, wimbi, mbaazi, njugumawe na mboga za kienyeji mara nyingi huwekwa pembeni, bila jina la aliyezitunza. Kwa miaka mingi sheria nayo ilimtia hofu mkulima aliyegawa au kuuza mbegu ambayo haijasajiliwa. Mwishoni mwa mwaka 2025 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo, baada ya wakulima wadogo kwenda mahakamani. Hofu ya kumpa jirani kibaba cha mbegu imepungua. Swali lililobaki ni kama kibaba chenyewe bado kipo.

Kulijibu hakuhitaji bajeti kubwa. Kamati ya maonyesho ya wadi ikitenga meza moja, na kila mbegu ikapewa kadi yenye mambo manne, kazi itakuwa imeanza: jina la mbegu kwa lugha ya mama, jina la anayeitunza, mwezi inapopandwa, na namna inavyopikwa. Mwaka unaofuata kadi hizo zitolewe tena, zilinganishwe na zilizo mezani. Ikikosekana moja, kuna nyumba ya kutembelea kabla ya mvua.

Haudenosaunee walichomewa ghala, wakahamishwa, wakapokonywa ardhi, wakanyang'anywa watoto. Septemba ikifika bado wanaleta mahindi mezani na kubishana ni ya nani yaliyosukwa vizuri zaidi. Hapa hakuna jeshi lililochoma ghala za wakulima msimu huu. Mbegu ya nyanya ikipotea hapa, itakuwa imepotea kwa sababu hakuna aliyeiulizia.

Basi kila mmoja akirudi nyumbani leo, aangalie juu ya jiko na ndani ya kibuyu. Kisha amuulize mama.